Kadi, mchango na daftari: historia ya vyama vya Kisangani na swali la mwanachama

KISANGANI, Tshopo – Familia iliyokimbia kijiji ikifika mjini na watoto, sufuria mbili na godoro moja, haikai siku nyingi bila kuulizwa: «Ninyi muko katika shirika gani?» Wiki inayofuata linakuja swali la pili: «Mchango wenu uko wapi?» Chama cha wahamishwaji kinaomba franka za kadi. Umoja wa watu wa eneo moja unaomba za msiba. Kikundi cha akina mama sokoni kinaomba za likelemba, na kamati ya waathirika wa vita inaomba za kuandika jina.

Watu wa Boyoma wanaiita kotizasio, neno lililobaki tangu wakati wa Wabelgiji. Kila mama anayefungua kitambaa chake na kutoa noti anajiuliza moyoni kitu ambacho pengine hathubutu kukisema mbele ya watu: pesa hii nikiitoa, napata nini?

Swali hilo si jipya. Mji huu umelijibu mara nyingi kwa zaidi ya miaka 70, na majibu hayakufanana. Kuna wakati mchango ulinunua heshima, kuna wakati ulinunua tumaini, na kuna wakati ulinunua uhai wenyewe. Anayetaka kujua leo kama chama chake kinamfaa, afadhali atazame nyuma kidogo.

Wakati wa serkle: mchango wa heshima

Miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, vyama vya Wazungu vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kama mpishi au mlinzi. Waafrika waliosoma, yaani makarani, walimu na wauguzi, wakaanzisha vyao. Viliitwa serkle, na wanachama wake waliitwa evolue, watu ambao serikali ya kikoloni ilisema wameendelea.

Mtu aliyejulikana kuliko wote katika vyama hivyo alikuwa karani wa posta, Patrice Lumumba. Alifika Stanleyville kijana katika miaka ya vita vya pili vya dunia. Hadi katikati ya miaka ya 1950 alikuwa ameongoza vyama kadhaa kwa wakati mmoja: chama cha evolue wa Stanleyville, chama cha wafanyakazi wa posta, chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut, na tena alikuwa na kazi katika chama cha wafanyakazi weusi wa serikali. Wafanyakazi wa posta walikuwa hata na gazeti lao dogo, L'Écho postal.

Mwanachama wa serkle alipata nini kwa mchango wake? Alipata mahali pa kukaa jioni, kusoma magazeti, kusikiliza mhadhara na kujadiliana kwa Kifaransa. Kuliko hayo yote, alipata jina. Watafiti watatu, Valdo Pons, Nelly Xydias na Pierre Clément, walifanya uchunguzi mjini Stanleyville mwaka 1952 na 1953, na kazi yao ilitolewa na UNESCO mwaka 1956. Katika mji ule, watu walipimana kila siku: huyu amestaarabika, yule ni msenji. Kuwa katika chama cha makarani kulikuwa njia ya kukwepa neno hilo la pili.

Mwaka 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipotembelea Stanleyville, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Kwa wanachama waliokuwa wakitoa michango yao, hayo yalikuwa matunda: mtu wao amesikilizwa na mfalme.

Lakini nyuma ya fahari ile kulikuwa na manung'uniko. Evolue alilipa mchango, akavaa tai, akasoma vitabu, na bado duka na hoteli za Wazungu zilimtazama kama mtu wa mlango wa nyuma. Sheria ya mwaka 1952 iliahidi kuwa Mkongomani aliyestahili ataweza kuandikishwa na kuwekwa chini ya sheria moja na Mzungu. Lumumba mwenyewe aliomba, akakataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Nchini kote, hadi mwisho wa miaka ya 1950, walioipata hati hiyo walikuwa familia mia chache tu. Serkle iliweza kumfundisha mwanachama jinsi ya kubisha mlango. Kuufungua haikuweza, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mwingine.

Kulikuwa pia na wale ambao hawakuingia kabisa. Mchukuzi wa mizigo bandarini, mama muuza mihogo, mvuvi wa Wagenia, wote hao hawakuwa na nafasi katika serkle. Chama kilichosema kinawakilisha Waafrika kiliwaacha nje Waafrika walio wengi.

Na somo lingine la miaka ile halipendezi, lakini ni la kweli. Mwezi wa saba mwaka 1956 Lumumba alikamatwa kwa kesi ya fedha za posta, akahukumiwa na kufungwa. Fedha zile zilikuwa za ofisi ya serikali, si za wanachama. Hata hivyo, kesi inaonyesha hatari ambayo kila chama kinaijua: kiongozi akiwa na akili na ulimi mzuri, watu wanasahau kuuliza daftari. Upendo wa watu kwa kiongozi haukuwahi kufanya kazi ya hesabu.

Wakati wa MNC: mchango wa tumaini

Mwezi wa kumi mwaka 1958, chama cha MNC kilizaliwa mjini Léopoldville, na Lumumba akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata kiligawanyika, na tawi la Lumumba likapata nguvu yake kubwa huku mashariki. Stanleyville ikawa nyumbani kwake.

Tofauti na serkle ilikuwa wazi. Kadi ya MNC haikuuliza cheti cha shule. Mchukuzi aliweza kuinunua, na mama wa sokoni vilevile. Pesa ndogo, kipande cha karatasi, na mtu alihisi kuwa ameingia katika jambo kubwa. Neno lililotembea mdomoni mwa watu lilikuwa dipanda, uhuru.

Mwezi wa kumi mwaka 1959 chama kilifanya mkutano wake mkuu hapa mjini. Tarehe 30 ghasia zikazuka, watu wengi wakauawa kwa risasi, na Lumumba akakamatwa siku mbili baadaye. Mwezi wa kwanza mwaka 1960 alihukumiwa, na siku chache baada ya hukumu akatolewa gerezani ili aende Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. Katika uchaguzi wa komini wa mwezi wa kumi na mbili 1959, karibu kura tisa kati ya kumi za Stanleyville zilikwenda kwake. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, chama chake kilipata viti 33 katika Bunge lenye viti 137, wingi ambao hakuna chama kingine kilichoufikia.

Mwanachama wa wakati ule aliridhika, na haikuwa ajabu. Alitoa kidogo, akaona kitu kikubwa kinasogea mbele ya macho yake. Lakini kadi haikusema uhuru ukija utakula nini, wala nani atamlinda mtu siku kiongozi atakapoondolewa. Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961, Katanga. Kadi zikabaki ndani ya masanduku ya nguo, pamoja na picha yake.

Mwaka 1964: kadi ya kuponya

Mwanzoni mwa mwezi wa nane mwaka 1964, wapiganaji wa Simba waliingia Stanleyville. Kabla ya vita walifanyiwa dawa, wakapewa miiko, nao waliamini kuwa risasi zitageuka maji. Walisema wanaendeleza kazi ya Lumumba. Mbele ya sanamu yake watu waliletwa na kuuawa, wengi wao wakiwa makarani, walimu na viongozi, yaani watoto wa serkle za jana.

Katika miezi ile, kadi ya MNC-Lumumba ilibadilika maana. Watu waliitafuta ili wapite kizuizini, ili mlango usivunjwe usiku. Mchango ulikuwa sasa bei ya kupumua.

Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kama ameridhika na chama chake, atajibu nini? Atasema ndiyo. Na kesho yake atasema ndiyo tena. Jibu lake halina uzito, kwa sababu hana njia ya kusema hapana.

Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, na jeshi la serikali pamoja na mamluki wakaingia mjini. Hapo mambo yakageuka. Aliyedhaniwa mfuasi wa Simba aliweza kupoteza maisha bila kesi. Karatasi ambayo mwezi wa tisa ilimwokoa mtu iliweza kumwangamiza kabla ya Krismasi. Wazee wa Kisangani wanaosita mpaka leo kuandikisha majina yao katika orodha yoyote wana historia nyuma ya kusita kwao.

Wakati wa MPR: kuzaliwa mwanachama

Mwaka 1966 Stanleyville ikaitwa Kisangani. Tarehe 20 mwezi wa tano mwaka 1967 Mobutu akaanzisha chama cha MPR. Miaka michache baadaye kikawa chama pekee, na katiba ya mwaka 1974 ikakiweka juu ya vyombo vyote vya nchi. Kila Mzairwa alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Mtoto alilia mara ya kwanza akiwa tayari ndani ya chama, upende usipende.

Hapa swali la mchango likapotea, maana hakuna aliyeombwa kuingia. Mchango ulichukuliwa kwa njia nyingine: siku ya salongo, yaani kazi ya lazima, na saa za kuimba na kucheza mbele ya wakubwa. Uwanja ulijaa na makofi yalisikika mbali. Mgeni angesema wanachama wanafurahi sana. Lakini nyumbani watu walifanya utani kwa Kifaransa kwamba herufi MPR maana yake ni kufa bure. Utani ule ulikuwa daftari la kweli la chama.

Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja. Katika muda mfupi vyama vikamea kama uyoga. Ikaonekana kuwa wanachama mamilioni waliokuwa wakihesabiwa kila mwaka hawakuwa nguvu ya chama chochote.

Likelemba: chama kisicho na sanamu

Wakati vyama vikubwa vinapanda na kushuka, kulikuwa na chama kingine kisicho na bendera. Ni likelemba. Watu kumi wanakubaliana kutoa kila mmoja franka 5 000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anachukua 50 000. Baada ya wiki kumi kila mtu ametoa 50 000 na amepokea 50 000. Pesa haikuongezeka hata franka moja. Kilichoongezeka ni nguvu ya kununua gunia zima badala ya kopo, au kulipa karo ya shule kwa mara moja.

Likelemba nayo iliumizwa. Mwezi wa kumi mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya: moja yake ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu mara mia moja katika mwaka mmoja. Katika hali ile, wa kwanza kupokea alinunua gunia, wa kumi akapata kopo. Hakuna aliyeiba, lakini wa mwisho alipoteza. Hapo ndipo kufupisha mzunguko, kuhesabu kwa dola au kutoa bidhaa badala ya noti kulipokuwa na maana kwa wanachama.

Miaka ileile, kule Kinshasa, watu walipanga foleni kwenye nyumba za michezo ya pesa. Iliyojulikana zaidi iliitwa Bindo. Iliahidi kurudisha pesa mara nyingi zaidi baada ya wiki chache tu. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata. Mwaka 1991 ikaanguka, na watu waliouza nyumba wakabaki mikono mitupu.

Tofauti kati ya Bindo na likelemba ni somo ambalo kila mhamishwaji anafaa kulishika. Likelemba haiahidi faida, na kila anayetoa anaona uso wa anayepokea. Bindo iliahidi faida kubwa, na mtoaji hakujua pesa yake imekwenda wapi. Mtu akikuambia leta ishirini uchukue mia, uliza kwanza mia hiyo inatoka mfukoni mwa nani.

Vita, orodha na fidia

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Raia mamia waliuawa, nyumba zikabomolewa, makombora yakaangukia shule na makanisa. Baada ya vita vile vya siku sita, waathirika waliungana katika vyama ili wasisahauliwe.

Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kuwa Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Malipo yaligawanywa kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka. Fungu la serikali la kugawa fidia hiyo, FRIVAO, liliwekwa makao yake hapa Kisangani.

Hapo kadi ya chama ikapata uzito upya. Mjane aliyekaa miaka ishirini bila kuulizwa na mtu sasa anataka kujua jina lake liko katika orodha gani. Haki yake, lakini, haitoki katika kadi. Inatoka katika madhara yaliyompata. Chama kinaweza kumsaidia kukusanya vyeti, kumwandikia barua na kumsindikiza. Hakiwezi kumuuzia haki ambayo tayari ni yake. Chama kinacholijua hilo kinatoza kwa ajili ya kazi, na kinaonyesha kazi.

Na wale wapya

Tangu mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola, ulioanzia upande wa Lubunga, umewaleta watu wengi mjini. Wengi walivuka mto kwa pirogi. Waliacha mashamba, na mashamba ndiyo yaliyokuwa benki yao.

Kwa familia kama hizo, namna moja ya kikundi imeenea sana mashariki mwa Kongo na inastahili kuelezwa. Watu wanaiita AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopeshana. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Wanachama huwa kati ya 10 na 25. Kila mkutano mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, kulingana na uwezo wake wa siku hiyo. Pesa inakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti. Anayehitaji anakopa na kurudisha na faida ndogo. Kando kuna fungu la msiba na ugonjwa. Baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linafunguliwa, na kila mtu anachukua kwa kadiri ya hisa zake.

Mfano: mama ananunua hisa tatu za franka 1 000 kila wiki, kwa wiki 40. Ameweka 120 000. Mikopo ikiwa imeleta faida ya sehemu moja kwa kumi, anaondoka na 132 000. Si utajiri. Lakini amejua tangu siku ya kwanza atapata nini, lini, na kwa hesabu gani. Na mwaka ukiisha, asiyeridhika anachukua chake na kwenda kwa amani.

Sheria ya nchi nayo ina neno. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 2001 inasema mashirika yasiyo ya faida lazima yawe na katiba iliyoandikwa, inayoeleza mtu anaingiaje na anatokaje. Chama kikidai kuwa kimesajiliwa, mwanachama ana haki ya kuomba kusomewa katiba hiyo, kwa Kiswahili au Lingala ikiwa Kifaransa hakipandi.

Katika historia yote hii, kiasi cha mchango hakikuwa ndicho kilichoamua kama mtu ataridhika. Kadi ya MPR haikumgharimu mtoto mchanga hata senti, na ndiyo iliyochekwa zaidi. Likelemba inachukua pesa kila wiki kutoka mkononi mwa maskini, na haijafa. Kilichotofautisha ni mambo matatu: mwanachama aliona daftari, alijua anachokipata, na mlango wa kutoka ulikuwa wazi kama wa kuingilia.

Siku za mkutano wa kikundi chenye utaratibu, sanduku linawekwa katikati ya mkeka. Wenye funguo watatu wanakuja mmoja mmoja. Pesa inahesabiwa kwa sauti, na watoto waliokaa kando wanasikia. Kisha jumla inatajwa, na kila mama anaikariri kichwani ili wiki ijayo, kabla ya kufungua tena, aulizwe: «Tuliacha ngapi?» Asiyejua kusoma anajibu sawasawa na aliyesoma.